Mafuta ya Keystone XL na sheria iliyokataliwa

Mwaka 1975, baada ya vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyokataza kupeleka nje mafuta ghafi bila kibali. Sheria hiyo ilikuwa na mwanya mkubwa: petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa ziliendelea kuuzwa ng'ambo. Vile vile mafuta ghafi ya Kanada yaliweza kupitishwa kwa kibali, mradi yasichanganywe na ya Marekani.

Mwanya huo ndio ulioleta ubishi juu ya bomba la Keystone XL, lililoombewa kibali mwaka 2008 ili kusafirisha hadi mapipa 830,000 kwa siku kutoka Alberta kuelekea viwanda vya kusafishia mafuta vya pwani ya Texas. Watetezi wake walisema litaipa Marekani usalama wa nishati. Edward Markey, seneta wa Massachusetts, aliwataka waiandike ahadi hiyo katika sheria: mafuta ya bomba hilo, yawe ghafi au yaliyosafishwa, yabaki nchini. Januari 2015 Seneti ililiweka kando pendekezo lake kwa kura 57 dhidi ya 42. Hoja ya kwamba soko la mafuta ni la dunia nzima ina uzito wake. Lakini hoja hiyo hiyo inaibomoa ahadi ya usalama, ambayo kwa jina lake wenye mashamba wa Nebraska walitakiwa kuachia ardhi yao ipitiwe na bomba.

Desemba mwaka huo huo katazo la 1975 lilifutwa. Bomba lenyewe liliachwa Juni 2021, baada ya Rais Biden kubatilisha kibali chake.