OK: utani wa gazeti la Boston ulioenea duniani

Maneno mengi huzaliwa bila shahidi. OK ina tarehe. Ilichapwa kwa mara ya kwanza, kwa kadiri ya ushahidi uliopo, siku ya Jumamosi, Machi 23, 1839, katika ukurasa wa pili wa gazeti la Boston Morning Post nchini Marekani. Ndiyo maana kila Machi 23 inapofika wapo Wamarekani wanaoiadhimisha siku hiyo kama vile ni Maulidi ya herufi mbili. Huku kwetu siku hupita kimya, ingawa OK ndiyo inayojibu nusu ya ujumbe katika makundi ya michango ya harusi, na konda wa daladala huitamka "oke" bila kujiuliza imetoka wapi.

Mhariri wa gazeti hilo, Charles Gordon Greene, hakuwa akitunga neno la kudumu. Alikuwa akimchokoza mhariri mwenzake wa mji wa Providence kuhusu safari ya wanachama wa chama kimoja cha mizaha, kilichojiita chama cha kupinga upigaji kengele. Katikati ya uchokozi huo akachomeka "o.k." na kueleza palepale kwamba maana yake ni "all correct", yaani kila kitu sahihi. Utani ulikuwa hapo: kati ya herufi hizo mbili, hakuna hata moja iliyo sahihi. Neno la kwanza linaanza na A, la pili na C. Msomaji alitakiwa amfikirie mtu asiyejua kuandika, anayekazana kuthibitisha kwamba mambo yako sawa kwa tahajia ya "oll korrect".

Mzaha wa namna hiyo ulikuwa umewapagawisha waandishi wa Boston tangu mwaka uliotangulia. Vijana wa magazeti walifupisha kila kitu na kukikosea makusudi. "All right" iliandikwa O.W., kwa tahajia ya "oll wright". "No use", haifai kitu, iligeuzwa K.Y. Anayeona tahajia za vijana wetu kwenye simu ni balaa jipya akazisome kurasa hizo. Vifupisho karibu vyote vya msimu ule vilikufa. OK nayo ingekufa, kama si uchaguzi.

Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren wa chama cha Democratic alikuwa akigombea muhula wa pili, na hali yake ilikuwa mbaya. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu 1837, miezi michache tu baada ya yeye kuapishwa, na wapinzani wake wa chama cha Whig walikuwa wamempata Jenerali William Henry Harrison, shujaa wa vita aliyenadiwa kama mtu wa kibanda cha magogo. Van Buren alizaliwa Kinderhook, kijiji cha jimbo la New York kilichokaliwa na wazao wa Waholanzi, na wafuasi wake wakambandika jina la Old Kinderhook, yaani mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo zikakutana na utani wa Boston. Mwezi Machi mwaka huo vijana wa chama chake jijini New York wakaanzisha klabu iliyoitwa O.K., na kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshavamia mkutano wa Whig, herufi hizo zikiwa ukelele wao wa vita. Aliyepiga kelele "O.K.!" alisema mambo mawili kwa mkupuo: mzee wa Kinderhook ndiye wetu, na mambo yatakuwa sawa.

Hayakuwa sawa. Whig waliligeuza neno likawapiga wafuasi wa Van Buren wenyewe. Walitangaza kwamba O.K. maana yake ni kuishiwa pesa, kuishiwa mkopo, kuishiwa heshima na kuishiwa nguo, huku wakitia K kila mahali ambapo Kiingereza kinataka C. Kisha wakamvuta uwanjani Andrew Jackson, rais mstaafu na mlezi wa kisiasa wa Van Buren. Jackson, walidai, alikuwa mbumbumbu wa tahajia kiasi kwamba alipoidhinisha nyaraka za serikali aliandika juu yake O.K., akiamini kabisa kwamba ndivyo "all correct" inavyoanza. Ulikuwa uzushi wa kampeni, lakini ulinoga mno kuachwa. Baadaye mwanahistoria mmoja alikuta katika kumbukumbu za mahakama ya Tennessee za mwaka 1790 hati ya mauzo ya mtumwa ambayo Jackson aliithibitisha, na mwishoni akasoma O.K. Waliokuja kuikagua hati hiyo waliona O.R., alama ya kawaida ya karani kuwa amri imesajiliwa. Karani alikuwa na mwandiko mbaya, basi.

Novemba ilipofika Harrison alizoa kura 234 za wajumbe wa uchaguzi, Van Buren akaambulia 60. Whig wakapata tafsiri ya mwisho ya O.K.: safari ya kurudi Kinderhook. Kinachonichekesha zaidi ni kwamba Van Buren ndiye rais pekee wa Marekani ambaye lugha yake ya kwanza haikuwa Kiingereza. Nyumbani kwao walizungumza Kiholanzi. Neno maarufu kuliko yote yaliyotoka Marekani lilibebwa mabegani na mtu aliyejifunza Kiingereza kama wengi wetu tulivyojifunza.

Haya yote tunayajua kwa sababu ya mtu mmoja, Profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuwa mtafiti wa ajabu kidogo: mwaka 1935 alichapisha jijini Paris, kwa faragha, utafiti wa maandishi aliyoyanakili kwenye kuta za vyoo vya umma vya Marekani. Mwaka 1941 alitoa makala yaliyoihusisha OK na uchaguzi wa 1840. Hakutosheka. Aliendelea kupekua magazeti ya zamani hadi mwaka 1963 na 1964, alipotoa mfululizo wa makala katika jarida la American Speech na kuonyesha chanzo cha Boston. Mwaka 2010 Allan Metcalf aliikusanya habari hiyo katika kitabu kizima, na makala haya yanawategemea hao wawili.

Read alikuta uwanja umejaa nadharia. Wagiriki walidai ni "ola kala" yao, vyote vyema. Waskoti walikuwa na "och aye". Wengine walitaja chapa kwenye biskuti za askari. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" kwenye nyaraka zake, akiamini neno ni la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa kusini mwa Marekani.

Kisha kuna hoja ya Afrika. Mwaka 1971 David Dalby, mwanaisimu Mwingereza, aliandika katika gazeti la The Times kwamba OK huenda ilitoka kwa watumwa wa Afrika Magharibi, akitaja "waw kay" ya Kiwolofu, namna ya kukubali kwa mkazo. Wazo hilo linavutia, na Mwafrika atapenda liwe kweli. Nami ningependa. Tatizo ni kwamba gazeti la Boston lilichapa neno pamoja na maelezo yake, na utani wenyewe una ndugu zake wote pembeni. Ushahidi unaelemea upande wa Read. Hata hivyo Read alipima alichoweza kukisoma, na mtumwa hakuwa na gazeti. Maneno mangapi yalisemwa shambani Carolina na kumezwa na upepo, hakuna kabati litakalotuambia.

Wivu unanishika hapa. Read alitumia zaidi ya miaka 20 kutafuta tarehe ya herufi mbili. Nani ametafuta tarehe ya "poa"? Kijana wa Dar es Salaam huijibia "mambo", lakini kamusi zetu nyingi humpa maana tu, na kwa baadhi ya maneno lugha yalikotoka, mwaka hakuna. Magazeti tunayo. Kiongozi la Tanga lilitoka enzi za Wajerumani, Mambo Leo lilianza 1923, Baraza likafuata huko Kenya mwaka 1939. Tunayasoma tukitafuta siasa na mashairi. Mtu wa kuyasoma ili aone "sawa" ilianza lini kuwa jibu la kila kitu, na ilikuwa ikimjibu nani, sijamsikia.

Baada ya 1840 habari ya OK ni ya kuenea tu. Watuma telegrafu waliipenda kwa ufupi wake, makarani wakaipiga muhuri, na mwaka 1918 ikazaliwa hata kampuni ya santuri, Okeh, kutokana na herufi za jina la mwanzilishi wake, Otto K. E. Heinemann. Sinema na askari waliipeleka kwingineko.

Ilivyoingia kwenye kompyuta ni kisa cha mwaka 1981, ndani ya kampuni ya Apple, wakati wa kuijaribu mashine yao ya Lisa. Kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Maneno yalikaa karibu mno, na herufi I kubwa ikafanana na l ndogo, hivyo mmoja wa waliojaribu akasoma "dolt", neno la Kiingereza la kumwita mtu bozi. Akakasirika, akahoji kwa nini programu inamtukana. Wahandisi wakakifuta wakaandika OK.