"Push It": Wimbo wa upande wa pili ulioipeleka Salt-N-Pepa duniani

"Push It" ni wimbo wa hip-hop wa kuchezea dansi, uliotolewa mwaka 1987 na Salt-N-Pepa, kundi la wanawake kutoka New York, Marekani. Haukutarajiwa kuvuma. Uliwekwa upande wa pili wa santuri, mahali ambapo nyimbo nyingi husahaulika.

Salt-N-Pepa ni akina nani?

Cheryl James ndiye Salt, yaani chumvi. Sandra Denton, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ndiye Pepa, yaani pilipili. Walikutana chuoni katika mtaa wa Queens, wakafanya kazi pamoja katika kampuni ya maduka ya Sears. Mwenzao wa kazini, Hurby Azor, alikuwa akisomea utayarishaji wa muziki. Mwaka 1985 aliwaomba wamsaidie kurekodi wimbo kwa ajili ya zoezi la darasani. Wimbo huo, "The Showstopper", ukapigwa redioni, na kundi likazaliwa. Baadaye Deidra Roper, DJ Spinderella, akajiunga nao kwenye mashine za santuri.

Hawakuwa wanawake wa kwanza kurap. Kundi la The Sequence lilitoa santuri tangu mwaka 1979. Hata hivyo, wakati huo wengi waliona rap ni kazi ya wanaume.

Santuri ilipogeuzwa

Santuri za zamani zilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo ambao kampuni ilitaka uuzike. Upande wa pili uliwekwa wa kujazia. Mwaka 1987 wimbo uliotegemewa ulikuwa "Tramp", unaowasema wanaume wakware. "Push It" ukawa wa kujazia.

Huko San Francisco, DJ Cameron Paul wa redio KMEL aliigeuza santuri hiyo. Akaupenda wimbo wa upande wa pili, akautengeneza upya kwa mdundo mzito zaidi wa kuchezea. Wasikilizaji wakautaka, vituo vingine vikaufuata, na kampuni ikautoa upya. Mwanzoni mwa mwaka 1988 ulifika nafasi ya 19 katika chati kuu ya Billboard. Albamu yao, "Hot, Cool & Vicious", ikawa ya kwanza ya kundi la wanawake wa rap kuuza nakala milioni moja Marekani.

Maneno ya wimbo ni machache. Kinachoubeba ni kinanda cha umeme chenye sauti kali inayojirudia. Wapo walioudhania kuwa wimbo wa matusi, lakini Salt ameeleza kwamba kwao ulihusu kucheza dansi.

Jukwaa la Mandela

Tarehe 11 Juni 1988 Salt-N-Pepa waliimba katika uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, aliyekuwa bado kifungoni. Tamasha hilo lilirushwa na televisheni katika nchi zaidi ya 60. Wiki chache baadaye "Push It" ulishika nafasi ya pili Uingereza.

Mwaka 1989 wimbo uliteuliwa kuwania tuzo ya kwanza kabisa ya rap katika Grammy. Waandaaji walipokataa kuionyesha tuzo hiyo kwenye televisheni, Salt-N-Pepa na wasanii wengine kadhaa walisusia sherehe. Mwaka 1995 walishinda Grammy kwa wimbo "None of Your Business".

Wimbo ni wa nani?

Sheria ya Marekani humruhusu msanii aliyetoa haki za kazi yake kuzidai tena baada ya miaka 35. Salt na Pepa walijaribu kudai rekodi zao, kampuni ya Universal ikakataa. Mwezi Mei 2025 wakaishtaki mahakamani.

Mzozo unarudi kwenye karatasi za mwaka 1986. Kampuni inasema mkataba ulifanywa na kampuni ya Azor, na kwamba Salt na Pepa hawakuwahi kuwa wenye rekodi hizo. Wao wanasema kazi ni yao.

Kwa hiyo, kuimba wimbo na kuumiliki ni mambo mawili. Msanii anayeingia studio leo, hata awe na simu tu na mdundo wa kuazima, anapaswa kujua kabla ya kutia saini ni jina la nani limeandikwa mahali pa mwenye rekodi.