Tabaka Jembamba Juu ya Shaba

Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alipinda chuma mfano wa herufi U, akakipaka vanishi, kisha akakizungushia waya mtupu wa shaba mara 18. Mizunguko ilibidi ikae mbalimbali. Ingegusana, umeme ungekatiza njia na sumaku ingekosa nguvu.

Joseph Henry, mwalimu wa Albany, Marekani, aliuvisha waya wenyewe hariri, akaubana tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumaku aliyokiundia Chuo cha Yale iliinua zaidi ya kilo 900. Mwaka huohuo, jijini London, Michael Faraday alizungushia waya pete ya chuma, akitenganisha mizunguko kwa uzi na kitambaa cha kaliko. Tangu hapo uhai wa mota, inayozungushwa na sumaku za namna hiyo, umetegemea zaidi kihami, yaani tabaka linalozuia umeme, kuliko shaba yenyewe.

Karne ya 20 ilileta enameli ya kupaka waya badala ya kuuvisha nguo, nyembamba mno, na kasoro zake, kama vitundu, zikawa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Kwa nini tundu dogo hivyo liue mota ya gari la umeme? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1889, Mjerumani Friedrich Paschen alipopima volti zinazorusha cheche ndani ya gesi. Katika hewa, chini ya volti 330 hivi cheche hairuki. Umeme wa nyumbani wa volti 230 hufika kilele cha 325, kwa hiyo mota ya pampu inaweza kuishi miaka na viputo vya hewa ndani ya vanishi yake. Magari mengi ya umeme hutumia volti 400 hivi. Porsche Taycan ya mwaka 2019 ilikuja na 800. Hapo kiputo kilichoachwa kiwandani hugeuka chumba cha cheche, na kila cheche hula enameli kidogo, hadi mizunguko miwili ipige shoti.

Viwanda vimejiongezea mtihani. Badala ya waya mwembamba wa duara, mota nyingi za sasa za magari ya umeme husukwa kwa vipande vinene vya shaba vya mstatili, vilivyokunjwa mfano wa pini ya nywele na kuunganishwa ncha kwa leza. Shaba hujaza nafasi vizuri na joto hutoka upesi. Lakini kwenye kona enameli huvutika ikakonda, au hupasuka. Kiungo chenye vitundu hupitisha umeme kwa shida na kuchemka. Viungo hivyo hufika mamia katika mota moja, na kimoja kibovu chatosha kuiangusha. Mafundi wa mtaani wanaosuka mota za pampu kwa mkono hukata waya ulioungua na kuanza upya. Mbele ya pini zilizochomelewa, ujuzi huo pekee hautoshi.