Nani Atalipa? Msomaji wa Kitui na Makueni Mbele ya Bunilizi za Kisayansi na Fantasia

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takribani mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, kipande ambacho kwa kawaida huteketea kinaporudi kwenye angahewa au huangukia baharini. Watu wa Mukuku walishtuka, wakakusanyika, wakatazama. Haukupita muda wakaanza kuuliza: chuma hiki ni cha nani, na fidia italetwa na nani?

Ni rahisi kuyachukulia maswali hayo kuwa tamaa ya wanakijiji. Mimi nayaona kuwa usomaji, tena usomaji makini. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaiwajibisha nchi iliyorusha chombo kwa hasara kinayoleta kikianguka ardhini, hata kama hakuna aliyezembea. Kwa hiyo walichokisema watu wa Mukuku kwa lugha ya kawaida kilikuwa kimekwisha kuandikwa na wanasheria. Na Kenya, ambayo setilaiti yake ya Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023, nayo imo katika kundi la nchi zinazoweza kuulizwa swali hilo hilo.

Hoja yangu ni kwamba msomaji wa Kitui na Makueni anapokutana na hadithi ya kubuni ya kisayansi au ya fantasia, mwitiko wake wa kwanza si mshangao. Humtafuta mwenye kuwajibika. Naandika nikiwa msomaji wa huko. Sikufanya hesabu ya wasomaji wenzangu, na ushahidi wangu ni hadithi zenyewe na jinsi zinavyosikilizwa. Lakini naamini mwitiko huu una historia ndefu, na kwamba unatudai tuzipime upya nadharia tunazozifundisha vyuoni kana kwamba hazikuzaliwa mahali popote.

Nadharia mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Tzvetan Todorov, mwaka 1970, alisema fantasia huishi katika kusitasita: msomaji hajui kama tukio lina sababu ya kimaumbile au ni la kimiujiza, na akishaamua tu, fantasia imekwisha. Darko Suvin, mwaka 1979, alisema bunilizi ya kisayansi huufanya ulimwengu tuliouzoea uwe mgeni, kisha huueleza ugeni huo kwa hoja za akili. Zote mbili zimetufaa. Hata hivyo zimemfikiria msomaji ambaye dunia yake imetulia: maji yapo, mvua inajua miezi yake, kesho inafanana na leo. Ndiyo maana ugeni unamjia kutoka kitabuni. Katika nchi ambayo mvua za Machi hadi Mei hukosekana mara kwa mara na watu huweka matumaini yao kwa zile za Oktoba hadi Desemba, ugeni haungoji kitabu kifunguliwe.

Tuanze na fantasia. Nje kidogo ya mji wa Kitui kuna jiwe kubwa la Nzambani, na inasimuliwa kwamba mtu akilizunguka mara saba hugeuka jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Nimesikiliza mazungumzo ya watu walio chini ya jiwe hilo. Wanaobishana kama jambo hilo lawezekana ni wachache. Wengi huuliza yatakayofuata: nikirudi hivyo, mke wangu nitamweleza nini, shamba lililoandikwa kwa jina langu litakuwa la nani, mahari niliyotoa itarudishwa? Kusitasita kwa Todorov kumerukwa, na watu wamefika kwenye haki na wajibu. Hadithi za zimwi, ambazo katika Kikamba huhusu aimu, zinakwenda njia hiyo hiyo. Katika masimulizi yaliyoenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki, zimwi lililomeza watu na ng'ombe linaposhindwa hukatwa kidole, na wote waliomezwa hutoka wakiwa hai. Watoto tulioketi kusikiliza tulingoja pale. Kufa kwa zimwi hakukutosha; tulitaka lirudishe.

Bunilizi ya kisayansi nayo hutupeleka kwenye wakati ujao, na hapo hapana budi kupambana na mwana wa Kitui mwenyewe. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, aliandika katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati uliopo, lakini wakati ujao hauna uzito kwake. Alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba, akaona zile za mbele zinafika miezi michache, au miaka miwili kwa mbali. Wanafalsafa, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga. Mimi namheshimu sana Mbiti, hasa kwa kazi yake ya kukusanya hadithi za Wakamba, iliyochapishwa mwaka 1966. Lakini hadithi hazimuungi mkono. Kama Wakamba hawakuwa na wakati ujao, Syokimau tumweke wapi?

Mbashiri huyo wa karne ya 19, kutoka upande wa Machakos, anakumbukwa Ukambani kote kwa kuona nyoka mrefu akitambaa kutoka bahari moja hadi nyingine, na watu wa ngozi ngeni wakibeba moto mifukoni. Mwanahistoria atatahadharisha kwamba tunaupata utabiri huo kutoka kwa vinywa vilivyosimulia reli ikiwa imekwisha kupita, na ana haki. Kwa mchambuzi wa fasihi tahadhari hiyo haipunguzi kitu. Iwe ulisemwa kabla au ulitengenezwa baadaye, ni usimulizi unaouchukua ufundi usiojulikana, reli na kiberiti, na kuuwekea umbo linaloeleweka. Suvin angeutambua mara moja. Na wakati reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, ikipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, Ukambani ulikuwa ukifa kwa njaa kuu inayoitwa Ngomanisye. Nyoka na njaa vilifika pamoja. Anayesikiliza utabiri huo Makueni hamsifu Syokimau kwa kupatia tu. Huuliza walioambiwa walifanya nini, na nani alifaidika na nyoka huyo. Mwaka 2017 reli mpya ya kisasa ilipoanza kubeba abiria juu ya ardhi hiyo hiyo, nyoka wa pili alitajwa, na swali likafufuka.

Riwaya ya Kiswahili imelijua swali hili mapema. Katama Mkangi, ambaye alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini na serikali, alitoa Walenisi mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kifo na kupakiwa katika chombo cha angani, lakini badala ya kufa anafika kwenye jamii inayoonyesha kosa la ile iliyomhukumu. Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, anamzungusha msafiri wake duniani akimtafuta mhusika aitwaye P.P. ili masaibu ya wanadamu yapate kisa chake. Riwaya zote mbili zimeundwa kama kesi. Nadhani ndiyo maana msomaji wa kwetu huzipokea kwa urahisi kuliko filamu za wageni kutoka sayari nyingine wanaoivamia New York bila sababu ya kueleweka. Ni kweli kwamba vijana wa Wote na Mwingi huzipenda pia filamu hizo, hasa zikisimuliwa kwa sauti ya DJ Afro, na burudani yao haihitaji idhini ya mhakiki.

Kazi inayonisumbua zaidi ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu ya dakika ishirini na kitu iliyotoka mwaka 2009. Miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji, watu wa jamii ya Maitu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Mkojo na jasho husafishwa na kunywewa tena, umeme hutokana na mazoezi ya miili yao, ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatumiwa udongo usiojulikana ulikotoka, wenye unyevu. Anapanda mbegu, inachipua, anaomba ruhusa ya kutoka nje, baraza linamnyima.

Nadharia inanitaka nishangazwe na kijichupa cha maji kinachopimwa kwa matone. Sikushangaa. Mtu aliyewahi kufuata punda wenye mitungi ya lita 20 hadi kwenye mto mkavu, akachimba mchangani na kungoja maji yajikusanye, hakioni kijichupa hicho kuwa ndoto ya wakati ujao. Kilichonishtua ni baraza. Wakuu wanajua, au wanaweza kujua, kwamba nje kuna udongo wenye uhai, na wanachagua kufunga mlango. Ukambani njaa za miaka ya 1980 zinakumbukwa kwa watu waliokufa wakiwa na pesa mkononi, chakula hakipo sokoni. Tunaijua distopia ambayo si ya mbingu kukauka peke yake, bali ya mlango uliofungwa na mtu mwenye jina na ofisi. Filamu hii inamtaja mtu huyo, na hapo inanishika.

Mwishoni Asha anatoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi, anatembea jangwani, anapanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anaufunika kwa mwili wake mpaka anakufa. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanichoma. Lakini nina ugomvi nayo. Katika Kitui na Makueni maji hayakuwahi kurudishwa na mtu mmoja. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye mito ya msimu, kwa msukumo wa mashirika kama SASOL upande wa Kitui na Utooni upande wa Makueni, ni kazi ya mwethya, vikundi vya majirani wanaobeba mawe na kuchanganya saruji kwa zamu. Ukuta unavuka mto, mafuriko yanaujaza mchanga nyuma yake, na maji yanabaki ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Ni tekinolojia ya subira, inayodai misimu kadhaa, na inamkanusha Mbiti kuliko ninavyoweza mimi.

Mtu atasema jamii ya Maitu imevunjwa kiasi kwamba mwethya hauwezekani, na kwamba upweke wa Asha ndio hoja ya Kahiu. Nalikubali hilo kwa nusu. Atakumbusha pia kwamba serikali ya kikoloni iliugeuza utamaduni wa kazi za pamoja kuwa shuruti ya kuchimba matuta, na hilo nalo ni kweli. Ushirika unaweza kutumiwa na baraza. Hata hivyo, yule mfanyakazi wa usafi aliyemfungulia Asha njia anabaki nyuma, mikononi mwa walinzi, na filamu inamwacha hapo ili imfuate shujaa jangwani. Mtazamaji wa kwetu hamwachi. Anataka kujua yaliyompata, nani alimhukumu, na ni nani atakayejibu kwa ajili yake.