PICHA ISIYOPIGWA: Historia ya CT scan (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu, miguu inauma, ila niliwaahidi sehemu ya 4 na ahadi ni deni.

Wiki hii mama mmoja alimleta mwanawe aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Daktari akaandika CT scan ya kichwa. Tukiwa mlangoni akaniuliza, "Sista, hiyo mashine inampiga picha kama simu?" Nikamjibu haraka haraka, "Ndiyo mama, usiwe na wasiwasi." Njiani kurudi nyumbani jibu langu likanisuta. Ile picha haipigwi. Inakokotolewa.

Chukua karatasi, uchore visanduku vinne: viwili juu, viwili chini. Kila kimoja kina namba, lakini mimi nakupa jumla tu. Kila mstari wa kulala ni 5, kila wa kusimama ni 5. Ndani kuna nini? Ukisema juu 1 na 4, chini 4 na 1, umepata. Mwenzako akisema juu 2 na 3, chini 3 na 2, naye kapata! Sasa nikuongezee: kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, jumla ni 2. Hapo linabaki jibu moja, lile la kwanza.

Ndiyo kazi ya CT scan. Mwali wa eksirei ukipita kichwani hupungua, na kifaa cha upande wa pili hupima kilichobaki. Hiyo ndiyo jumla. Mashine inazunguka ikikusanya jumla kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta inarudi kinyumenyume, kutoka matokeo hadi chanzo.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1917 Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alithibitisha kwamba ukijua jumla za mistari yote, unaweza kujua kilichomo ndani. Hakuwa akiwaza hospitali.

Mwaka 1956, hapa hapa Afrika, mwanafizikia Allan Cormack alikuwa akisaidia kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliona wagonjwa wa saratani wakipangiwa mionzi kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, wakati mfupa si pafu. Akaanza kutafuta hesabu yake bila kujua kwamba Radon alishapita huko. Alipojaribu kwa duara la alumini lililozungukwa na mbao, namba zikamwonyesha kitu asichokijua: katikati ya ile alumini fundi alikuwa ameweka kijiti tofauti kidogo! Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeshtuka.

Uingereza, Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ndiyo, ile ya santuri, akaunda mashine yenyewe. Jaribio lake la kwanza maabara lilichukua siku 9. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza akapimwa kichwa. Uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack wakagawana Tuzo ya Nobel.

Sasa hapa ndipo takwimu inapoingia. Vipimo halisi havitoki safi kama 5 na 5. Ukipunguza mionzi ili kumlinda mtoto, namba zinayumba zaidi na picha inajaa chengachenga. Mwaka 1982, Lawrence Shepp na Yehuda Vardi, Marekani, waliandika njia kwa ajili ya vipimo vya PET, ambako mgonjwa huwekewa dawa yenye mionzi. Hawakuuliza "jibu ni lipi?" Waliuliza: "Kati ya picha zote zinazowezekana, ipi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa namba hizi tulizopata?" Kompyuta zilipopata nguvu, njia za aina hiyo zikaingia hata kwenye CT scan za kawaida, na picha inayosomeka ikapatikana kwa mionzi michache zaidi.

Lakini tusidanganyane, ni makadirio. Ukilainisha picha kupita kiasi, unaweza kufuta na kidonda kidogo. Ndiyo maana anahitajika mtaalamu wa kuisoma.

Mama, kama unasoma hapa, jibu lako ni hili: mashine inapima mara nyingi sana na kuamini kwamba vipimo vyote ni vya kichwa kimoja kilichokaa mahali pamoja. Mtoto akigeuka, jumla zinakosa kukubaliana na picha inaharibika. Pengine tutalazimika kurudia, na kurudia ni mionzi mingine. Kwa hiyo nilipokushika mkono nikisema "mbembeleze atulie", haukuwa ukali wa manesi. Ilikuwa hesabu.

Na picha za zamani msizitupe, mje nazo.

Tukutane sehemu ya 5. Maswali wekeni hapo chini.