Batobato ya matikiti na maboga: kwa nini dawa ya dukani haiponyi

Mkulima akiona majani ya juu ya tikiti yamekunjamana na kuingia mabaka ya kijani na njano, kwa kawaida anakimbilia duka la pembejeo. Anauziwa dawa ya ukungu. Wiki inayofuata anaongezewa ya wadudu, kisha mbolea ya majani. Hela inakwisha, shamba linabaki vilevile. Huo si ukungu, ni virusi, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya.

Kolo, wilayani Kondoa, watu wengi wanaijua kwa michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kwa mkulima habari ni nyingine. Mvua huku ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Anayelima tikiti au tango baada ya hapo anamwagilia, na kila ndoo ni jasho au mafuta ya pampu. Barabara ya lami ya Dodoma–Babati, iliyozinduliwa 2018, inapita hapohapo, kwa hiyo mzigo mzuri unafika sokoni haraka. Lakini tikiti lililopinda na kujaa vinundu mnunuzi haligusi, hata kama ndani ni jekundu.

Wanaoleta ugonjwa

Wabebaji wakubwa ni wawili: vidukari na nzi weupe. Wote wananyonya utomvu, na wote hupenda kukaa chini ya jani, mahali ambapo mtu anayepita haraka haangalii.

Virusi vya batobato ya matango (CMV) vilielezwa Marekani mwaka 1916. Vya zukini (ZYMV) vilipatikana Italia miaka ya 1970, na vya batobato ya matikiti ya Morocco vilitambuliwa nchini humo muongo huohuo. Hivi viwili vya mwisho watafiti wamevikuta pia kwenye matikiti ya Tanzania, mara nyingine vyote katika mmea mmoja. Vikikutana hivyo, hali huwa mbaya zaidi.

Vyote vitatu huenezwa na vidukari, na hapa ndipo dawa inaposhindwa. Kidukari mwenye mabawa akitua hachagui kwa macho, anaonja. Anachoma jani sekunde chache, akiona halimfai anaruka kwenda jingine. Virusi vinabaki kwenye ncha ya mdomo wake, na mchomo mmoja unatosha kuambukiza. Sumu iliyopulizwa itamuua, sawa, ila baadaye, akiwa ameshaonja mimea kadhaa. Anayepuliza kila siku tatu kwa ajili ya batobato anaua pia nyuki, na bila nyuki tikiti halishiki tunda.

Virusi vya manjano ni tofauti. Hivi kidukari lazima anyonye kwa muda, viingie mwilini, ndipo aweze kuviambukiza, na hubaki navyo maisha yake yote. Baadhi ya virusi vya nzi weupe navyo vinahitaji muda mrefu wa kunyonya. Kwa hivi, kudhibiti wadudu mapema kunasaidia kweli. Tatizo ni kwamba nzi weupe huzoea sumu upesi wakipuliziwa ileile kila mara.

Usichanganye na magonjwa mengine

Ubwiri unga huacha vumbi jeupe juu ya jani. Ubwiri vinyoya huleta madoa yenye pembe, na asubuhi yenye umande utaona kama manyoya ya kijivu upande wa chini. Batobato haina vumbi wala manyoya: jani linakuwa na mabaka, linavimba vipele, wakati mwingine linakuwa jembamba kama uzi.

Virusi vya manjano ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwani vinafanana na njaa ya mbolea. Majani ya chini yanageuka njano lakini mishipa inabaki kijani, na jani likikunjwa linavunjika. Ukiweka mbolea na rangi hairudi, acha kuongeza.

Kinga inaanza kabla ya mbegu

Mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga huweza usitoe kitu. Ulioambukizwa matunda yakiwa yameshakua, hasara ni ndogo. Kwa hiyo kazi yote ni kuchelewesha ugonjwa, hasa katika wiki tano au sita za mwanzo.

Shamba jipya lisiwe jirani na lile linalomalizika. Hili linavunjwa sana, maana bonde lenye maji ni lilelile na kila mtu anapanda kwa wakati wake. Mabaki ya zao lililokwisha yang'olewe na kufukiwa au kuchomwa kabla ya jirani kupanda, na hapo majirani wasipoelewana hakuna kitakachofanyika.

Halafu kuna maboga ya nyumbani. Msusa ni mboga ya kila siku, na shina la boga kwenye uzio linaweza kuishi muda mrefu likihifadhi virusi. Kumwambia mama ang'oe mboga yake ya kiangazi kwa ajili ya tikiti la biashara si ushauri wa maana. Ang'oe mashina yenye mabaka tu, na shamba liwe mbali na uzio.

Mistari michache ya mtama au mahindi kuzunguka shamba, iliyopandwa wiki tatu au nne kabla, inasaidia kwa gharama ndogo. Kidukari anatua hapo kwanza, anaonja, na mdomo unasafika kabla hajafika kwenye tikiti. Wavu mwepesi juu ya miche unafanya kazi vizuri kuliko sumu, ila uondolewe maua ya kike yakitokea ili nyuki waingie. Matandazo ya plastiki yenye rangi ya fedha hufukuza vidukari kwa mwanga, lakini bei yake inafaa eneo dogo tu.

Wakati wa kununua mbegu, soma pakiti. Herufi kama CMV au ZYMV kwenye orodha ya ukinzani zina maana, ingawa ukinzani wa kirusi kimoja haumaanishi wa vyote.

Miche michache ikionyesha dalili mapema, ing'oe siku hiyohiyo. Nusu ya shamba ikishaugua, kung'oa hakuokoi kitu; mwagilia, palilia, vuna kilichopo. Ukiwa na shaka, ofisa ugani wa kata anaweza kusaidia sampuli ifike kwenye maabara ya TARI au ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa sababu kwa macho pekee hata mtaalamu hawezi kutaja kirusi kwa uhakika.

Na swali linaloulizwa sana: je, tunda linalika? Ndiyo. Virusi hivi haviambukizi binadamu wala mifugo. Tatizo ni ladha, kwani sukari mara nyingi hupungua. Mbegu zake zisihifadhiwe, kwa kuwa ZYMV inaweza kupita kwenye mbegu, japo kwa kiwango kidogo.