Somalia: waasi walishinda, kisha wakagawanyika

Tarehe 26 mwezi wa kwanza mwaka wa 1991, raisi Mohamed Siad Barre alikimbia muji mukuu Mogadishu. Alikuwa kwenye utawala tangu mapinduzi ya kijeshi ya mwaka wa 1969. Waasi walikuwa wameshinda. Na ni siku zile za ushindi ndipo balaa ambayo Somalia inabeba mpaka leo ilipata nguvu.

Mara nyingi mutu anasema: Wasomali karibu wote wana lugha moja na dini moja, sasa wanapigania nini? Ulizo ni zuri. Wasomali wanahesabiana kwa ukoo, kutoka kwa baba mpaka kwa babu wa mbali. Koo kubwa ni Darod, Hawiye, Dir na Rahanweyn; Isaaq wa kaskazini, wengine wanawahesabu pamoja na Dir, wengine wanawaweka peke yao. Kila ukoo unagawanyika tena na tena, mpaka kwenye kikundi kidogo ambacho kinalipa pamoja ngamia za damu kama mwenzao ameua mutu. Pale ambapo hakuna polisi wala tribinali, kikundi hicho ndicho ulinzi wako. Ukoo peke yake hauleti vita. Lakini serikali ikibaki mali ya watu wachache, kila mutu anarudi kwa watu wake kutafuta bunduki.

Siad Barre alikataza watu wasitaje ukoo hadharani, na huku yeye mwenyewe akiweka ndugu zake kwenye vyeo. Alipopoteza vita ya Ogaden na Ethiopia mwaka wa 1978, maofisa walijaribu kumpindua na wakashindwa. Toka pale makundi yakaanza kuzaliwa, kila moja na ukoo wake: SSDF ya Majerteen, SNM ya Isaaq, USC ya Hawiye, SPM ya Ogaden. Mwaka wa 1988 jeshi lilipiga bomu muji wa Hargeisa, ndani ya inchi yake, juu ya kuwaadhibu Isaaq. Makundi hayo yote yalipatana juu ya neno moja tu: yule mzee aondoke.

Aliondoka. Siku chache baadaye, bila kungojea wengine, tawi moja la USC likamtangaza Ali Mahdi Mohamed, mfanyabiashara mwenye hoteli, kuwa raisi wa muda. Jenerali Mohamed Farah Aidid, aliyeongoza wapiganaji wa USC, akakataa. Wote wawili ni Hawiye, lakini Ali Mahdi ni Abgal na Aidid ni Habar Gidir. SNM nayo haikuulizwa; mwezi wa tano ikatangaza Somaliland kuwa inchi ya peke yake. Kuanzia mwezi wa 11, Aidid na Ali Mahdi walipigana ndani ya Mogadishu kwa mizinga, miezi karibu mine, na muji ukakatwa mara mbili: kaskazini ya mmoja, kusini ya mwingine. Njaa ya mwaka wa 1992, ambayo iliua watu wengi sana upande wa Baidoa, ilitoka mulemule: mashamba yalikuwa yameporwa, na chakula cha msaada kililipishwa au kuibiwa njiani.

Bariere ndiyo ilifanya vita iwe kazi. Wanaolipa jetoni kwenye barabara zetu za Kivu wataelewa haraka: kijana mwenye bunduki anayelisha familia kwa kamba iliyofungwa barabarani hana haraka ya amani. Na mkubwa wake, kama hamgawii, kesho atafungua bariere yake mwenyewe. Aidid naye aliachwa na Osman Ato, aliyekuwa mtu wake wa pesa. Alikufa kwa majeraha mwezi wa nane 1996, na mwanawe Hussein akachukua nafasi.

Walioumia zaidi ni wale wasiokuwa na kundi lenye kumiliki silaha. Muji wa Barawa, kwenye bahari, wenyeji wake wanasema Chimwini, ambayo ni Kiswahili. Wapiganaji wa upande huu na ule walipita wakipora, na watu wengi wakakimbilia Mombasa. Wakulima Wabantu wa bonde la Juba walipatwa na mambo yale yale. Baadaye, makubaliano yalipogawa viti vya bunge, koo kubwa nne zilipewa sehemu moja moja, na hao wadogo wote pamoja wakapewa nusu. Wenyewe wanaita hesabu hiyo 4.5. Nusu mutu, ndivyo mimi naisoma.

Mwaka wa 2006 Mahakama za Kiislamu ziliwafukuza wakubwa wa vita kutoka Mogadishu. Ethiopia ikaingia mwisho wa mwaka, Mahakama zikavunjika, na vijana wao wakali, Al-Shabaab, wakabaki. Hata hao waligawanyika: mwaka wa 2013 kiongozi wao Ahmed Godane aliua wenzake, Hassan Dahir Aweys akatoroka, na Mukhtar Robow, aliyejitenga nao, akajisalimisha kwa serikali mwaka wa 2017. Mwaka wa 2022 Robow akafanywa waziri wa dini. Tofauti ni kwamba Al-Shabaab wanakusanya kodi kwa utaratibu na wanaamua kesi za mashamba, kwa hiyo mgawanyiko haukuwamaliza.

Upande wa serikali, ugomvi umehamia kwenye uchaguzi na katiba. Mwezi wa nne 2021, raisi Farmaajo alipoongezewa miaka miwili, wanajeshi walipigana wenyewe kwa wenyewe Mogadishu, wakifuata ukoo. Hassan Sheikh Mohamud alichaguliwa mwaka wa 2022, na wenyeji wa Hiiraan waliochukua silaha wakasaidia kurudisha vijiji. Kisha Puntland ikakataa kumtambua mwezi wa tatu 2024 juu ya katiba, na mwezi wa 12 jeshi lake likapigana na watu wa Jubaland huko Ras Kamboni. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2025, Al-Shabaab walianza tena kusonga kuelekea muji mukuu.

Majeshi yanayosaidia pale tunayafahamu. Uganda iliingia Mogadishu mwaka wa 2007, na leo iko pia Beni na Ituri. Kenya iliingia mwaka wa 2011, na baadaye ilikuja Goma. Tangu mwaka wa 2024 Somalia iko pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.